Asiyejua Ainue wa Kushoto

Mwalimu yeyote aliyefundisha shule ya umma ya nchi hii anaijua hila ya mikono, na atakayekuambia haijui ameanza kukudanganya mapema. Siku ya wageni unawaambia watoto hivi: nikiuliza swali, nyote nyoosheni mikono. Anayejua jibu ainue wa kulia. Asiyejua ainue wa kushoto. Mgeni aliyeketi nyuma ataona msitu wa mikono na kuandika kwamba darasa limechangamka. Wewe utawachagua wa kulia peke yao, na hakuna mtoto atakayesimama mbele ya watu akimeza mate. Mimi sikuibuni hila hiyo. Nilifundishwa na mwalimu mkuu wetu wiki niliyoripoti kazini, kabla hata hajanionyesha choo cha walimu. Wakaguzi walikuwa wanakuja. Aliniita kando akaniambia, "Madam, hapa hatuaibishani mbele ya wageni," kisha akanieleza habari ya mikono kwa utaratibu, kama mtu anayekufundisha kupika pilau.

Shule yenyewe iko Dagoretti, ng'ambo ya barabara kutoka machinjioni. Upepo ukigeuka tunafundisha tumeziba pua, na wale korongo wakubwa wenye shingo za upara wanatua juu ya paa la maabara. Nasema maabara, lakini ni chumba chenye sinki mbili zisizojua maji. Nilifundisha hesabu na sayansi, gredi ya saba na ya nane. Nilikuwa mwalimu wa mkataba, maana yake mkataba unaisha, unaomba tena, unangoja, na katikati ya kungoja unamsalimia mwalimu mkuu kwa mikono miwili. Nilikuwa nimengoja miaka. Walimu niliowapokea mimi mwenyewe, nikawaonyesha kabati la chaki, walikuwa wameshapata ajira ya kudumu kwa sababu mjomba wa mtu alipiga simu. Mimi sina mjomba. Nilitoka Magharibi na cheti changu na ulimi wangu wa nyumbani, ambao hadi leo haujakubali kutofautisha b na p, na mjini hawakuchelewa kuniambia kipi kati ya hivyo viwili kilikuwa kizito zaidi.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa hapo hapo. Shamba la babu yake sasa ni vyumba vya kupanga, na alikuwa na ile raha ya mtu ambaye mwisho wa mwezi haumtishi. Hakuwa mkatili. Sema tu hakuwa na sababu ya kuwa mwema.

Ndipo walipokuja watu wa utafiti. Profesa mmoja wa chuo kikuu alikuwa anachunguza jinsi hesabu na sayansi zinavyofundishwa madarasani, na jinsi watoto wanavyozielewa au kutozielewa. Mwenyewe hatukumwona. Tuliambiwa anaishi Loresho na ana shughuli nyingi, kwa hiyo alimtuma msaidizi wake, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya watu wa kwaya, akiwa na kamera na miguu yake mitatu ya chuma. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tulipona kwelikweli: madirisha yalipanguswa, chaki zikapatikana, choo cha wavulana kikapata mlango.

"Madam, usiogope," yule msaidizi aliniambia akisimamisha kamera nyuma ya darasa. "Sura zenu tutazifunika zote, wewe na watoto. Hakuna mtu atakujua. Prof anataka tu kuona vile watoto wanashika hesabu."

"Na jina la shule?"

"Hata hilo hatutasema. Wewe fundisha tu vile huwa unafundisha."

Nikatia sahihi. Nimetia sahihi vitu vingi maishani kwa sababu mtu alikuwa na sauti nzuri.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wote walipopotea baadaye. Kuna walimu ambao wageni wakija hurudia somo la jana, watoto wakajibu kwa kukariri, na kila mtu akaenda nyumbani amefurahi. Mimi sikufanya hivyo. Nina kiburi changu. Nilichukua somo jipya kabisa, kugawa kwa sehemu, ambalo huwachanganya hata watu wazima. Mikono niliwaambia, ndiyo. Mikono ilikuwa desturi ya shule, nami sikuona sababu ya kumwacha mtoto aumbuke mbele ya kamera ya watu. Lakini swali walikuwa hawajaliona. Nilisimama nikasema: tuna kilo tatu za nyama. Kila mtu anapewa robo. Watakula watu wangapi?

Hawa ni watoto wa machinjioni. Baba zao wanachuna, mama zao wanaosha matumbo, na robo ya nyama wanaijua kwa macho kuliko wanavyojua bendera. Hata hivyo, andika ubaoni tatu gawa kwa robo, na darasa zima litakwambia jibu ni robo tatu, kwa sababu wameshaambiwa tangu utotoni kwamba ukigawa kitu kinapungua. Mikono ilipanda, ya kushoto mingi, ya kulia michache. Nilijua hata ile ya kulia ilikuwa na robo tatu zake tayari mdomoni. Sikumchagua mtu. Nilingoja. Kungoja ni kazi ngumu kuliko kufundisha, na hakuna anayekulipa kwa hiyo.

Dawati la tatu upande wa dirishani alikaa msichana mmoja ambaye mama yake anauza supu ya vichwa na kwato kwenye lango la machinjio. Alikuwa na alama ya kuungua kwenye mkono wa kulia, kuanzia kifundoni hadi karibu na kiwiko, kumbukumbu ya sufuria moja ya supu alipokuwa mdogo. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu: hajui. Lakini ule wa kulia, wenye alama, ulikuwa juu ya dawati, na kidole kilikuwa kinachora. Vistari vinne. Akasogeza kidole, vistari vinne tena. Akasogeza, vinne tena. Kidole kikasimama. Akautazama ubao, na midomo yake ikatikisika kidogo. Kisha mkono wa kushoto ukashuka polepole, kama wa mtu asiyetaka kuonekana, na wa kulia ukapanda.

Nilimchagua haraka kabla furaha haijaonekana usoni mwangu. "Watu kumi na wawili, tichee," akasema. Nikamuuliza kwa nini. "Kwa sababu kilo moja iko na robo nne. Na ziko kilo tatu."

Nimefundisha muda mrefu. Unaona mitihani, unaona alama, unaona watoto waliofaulu na waliofeli, lakini ile dakika yenyewe ambapo mtu alikuwa hajui na sasa anajua huwa huioni. Hutokea ndani ya kichwa, mlango umefungwa. Mimi niliiona siku ile kwa macho yangu, mkono ukishuka na mkono ukipanda, na kamera ilikuwa inaitazama pia. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Miezi ikapita. Kisha siku moja mwalimu mkuu akaingia chumba cha walimu akiwa na simu mkononi na tabasamu ambalo sikuwahi kulipata kutoka kwake. Watu wa utafiti walikuwa wanaandaa warsha katika hoteli moja katikati ya jiji, walimu wa hesabu na sayansi kutoka Dagoretti, Kawangware, Uthiru na kwingineko wamealikwa, na somo langu ndilo lingeonyeshwa. Zaidi ya hayo, siku hiyo angechaguliwa mwalimu mmoja wa kuwa mwezeshaji, azunguke shule zote akiwafundisha wenzake.

"Madam, hii lesson yako wameipenda," akasema mbele ya wote. "Ukichukuliwa uwe mwezeshaji, jina lako la ajira ya kudumu nitalipeleka mimi mwenyewe, kwa miguu yangu. Hawawezi kukataa mtu kama huyo."

Wenzangu wakanipigia makofi, wengine kwa viganja vizito. Mimi nilikwenda msalani nikalia kidogo. Jioni nikampigia mama, na mama, kwa kuwa hajawahi kupewa habari njema akaikalia, akaitangaza kanisani Jumapili. Mchungaji aliniombea. Fundi wa Kawangware alinishonea suti ya kitenge cha manjano, na saluni nikakaa hadi shingo ikakataa kugeuka. Nikitazama nyuma naona nilijipamba kama ng'ombe wa mahari, na mtu alipaswa kuniambia ng'ombe huyo hupelekwa wapi.

Ukumbi ulikuwa na zulia linalomeza viatu. Tuliketi meza za duara, chupa za maji mbele yetu, na walimu wa shule za umma walikuwa wanafanya kile tunachofanya tukifikishwa hotelini, yaani kuweka samosa mbili kwenye leso kwa ajili ya nyumbani. Mwalimu mkuu aliketi kiti cha kulia kwangu. Yule msaidizi alikuwa mbele kabisa akihangaika na nyaya za projekta, na aliponiona alinipungia mkono, kisha akainamisha kichwa zaidi kuliko nyaya zilivyohitaji. Hiyo niliiona na sikuielewa.

Profesa alikuwa mwanamke mrefu, nadhifu, mwenye Kiswahili kizuri na Kiingereza kizuri zaidi. Hakunijua. Angenijuaje? Kwake nilikuwa sura iliyofunikwa kwa ukungu.

Filamu ikaanza. Nikajiona nimesimama ubaoni nikiwa na wingu mahali pa kichwa, na watoto wote nao vichwa vya wingu. Lakini sauti yangu walikuwa wameiacha. "Kila mtu ropo," ikasema sauti yangu kwenye spika, kubwa kuliko ilivyowahi kuwa darasani. Watu wakaanza kucheka chini chini. Mwalimu mmoja wa kiume meza ya jirani, mwenye tai nyekundu, akarudia kwa wenzake, "Ropo! Nipimie ropo, boss!" Nikacheka pia. Hayo nimezoea. Nikajiambia, ngoja wafike kwa yule msichana, watanyamaza wenyewe.

Filamu ikaisha. Profesa akauliza tumeonaje, na watu wakasema darasa limechangamka, watoto wanashiriki, mikono yote iko juu. Mwalimu mkuu akanigusa goti kwa furaha. Nilikuwa nimeketi juu ya zile sifa, nimenyoosha mgongo.

"Vizuri sana," akasema profesa. "Hata mimi nilidhani hivyo. Sasa tuitazame tena, na safari hii msimtazame mwalimu. Tazameni mikono."

Akairudisha polepole. Kwenye skrini vikaanza kutokea viduara vyekundu, kimoja kimoja, juu ya mikono ya kushoto. Kisha vya kijani juu ya ile ya kulia. Akasimamisha picha kila nilipochagua mtoto katika maswali mepesi ya mwanzo wa somo: kijani, kijani, kijani. Watu walitazamana kujua kama ni salama kucheka. Halafu ukumbi ukalipuka.

Walicheka, jamani. Walimu wazima, watu ambao nakuapia hila ile wanaifanya kila mkaguzi akionekana kwenye lango, walicheka hadi wakajifuta machozi kwa zile leso za samosa. Nyani haoni kundule, na siku ile ukumbi ulikuwa umejaa nyani wenye vitambulisho shingoni. Mwalimu mkuu wangu, aliyenifundisha mwenyewe, alicheka kwa kupiga meza. Akanong'ona bila kunitazama, "Cheka, madam. Usiwe wewe peke yako hucheki."

Nikacheka. Sauti iliyotoka sikuijua ni ya nani.

Ndipo profesa akafika kwa yule msichana. Dawati la tatu, kichwa cha wingu, mkono wenye alama ya kuungua unaonekana wazi kama mchana. Akaionyesha ile sehemu mara moja, akairudia. Mkono wa kushoto unashuka, wa kulia unapanda. Unashuka, unapanda. "Na huyu hapa," akasema, akitabasamu kwa huruma, "huyu ndiye aliyetufungulia siri. Maskini, hata maagizo ya kudanganya yamemchanganya. Hajui ainue upi."

Wakacheka zaidi. Yule mwenye tai nyekundu alisimama, akainua kushoto, akainua kulia, akainua yote miwili, akajikuna kichwa kama nyani wa kweli, na watu wakampigia makofi.

Sitasema nilihisi nini kwa maneno ya kanisani. Nilitaka kuua mtu. Haikuwa kwa ajili yangu tena. Mimi walikuwa wamenivua nguo na nilikuwa nimeshaanza kuzoea baridi. Lakini pale mbele ya ukumbi mzima, kwenye skrini kubwa kama ukuta, ilikuwa ile dakika yenyewe. Watu hawa walikuwa wamepewa fedha, kamera na miaka ya kutafuta jinsi mtoto anavyojifunza hesabu. Walikuwa wameikamata. Walikuwa wanairudisha nyuma na kuipeleka mbele, na walikuwa wanaicheka. Hakuna aliyetazama kidole kilichokuwa kinachora vistari.

"Sasa," akasema profesa akichukua maikrofoni, "nani atatuambia mwalimu huyu alikosea wapi?"

Mikono yote ikapanda. Msitu. Mwalimu mkuu wangu akainua wake. Meza nzima ikainua. Mtu pekee asiyeinua angeonekana kama jino lililong'oka, na watu wangeuliza kwa nini, kwa hiyo nikainua nami, nijifiche katikati yao. Sikufikiri. Mkono ulipanda wenyewe, ule ambao miaka yote niliwafundisha watoto kwamba ndio wa usalama, ukiuinua huchaguliwi.

Profesa alizungusha macho ukumbini, kisha uso wake ukang'aa.

"Eh! Jamani, nimeona wa kushoto! Ule pale!" Ukumbi ukageuka. "Madam wa kitenge cha manjano. Hebu leo tumsikie asiyejua. Mpeni maikrofoni."

Kicheko kilikuwa cha nia njema, naamini. Alikuwa ananitania, hakujua. Maikrofoni ikaja mkono kwa mkono. Mwalimu mkuu aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu filamu ianze na akatikisa kichwa kidogo sana. Nilielewa. Ningesema "sijui" nikaketi, watu wangecheka mara ya mwisho, chakula kingeletwa, na hakuna ambaye angejua kamwe. Ajira yangu ilikuwa ndani ya neno hilo moja. Muungwana akivuliwa nguo huchutama.

Mimi nilisimama.

"Yule msichana hakuchanganyikiwa," nikasema. "Alikuwa hajui, halafu akajua. Tazameni kidole chake. Anahesabu ropo."

Hapo ndipo walipojua. Neno moja. Sauti ile ile iliyotoka kwenye spika sasa ilikuwa inatoka kwa mwanamke wa manjano katikati yao. Mtu nyuma akasema, "Aki ni yeye!" Vicheko vichache vikaanza vikafa. Niliendelea kusema, nakumbuka nilisema kilo moja iko na robo nne, nikasema mikono ile haikumdanganya mtu bali ilimwonyesha mwalimu nani angojewe. Sauti yangu ilikuwa inapanda na hakuna aliyekuwa anasikiliza maneno. Walikuwa wananitazama mdomo.

Profesa hakuona haya hata kidogo. Labda hawafundishwi. Aliweka mkono kifuani akasema, "Oh, mwalimu. Makofi kwa mwalimu, jamani, kwa ujasiri wake wa kujitokeza." Na wakanipigia makofi. Ndiyo, walinipigia makofi marefu, yale ya kumpigia mlevi aliyeokoka, na profesa akasema tutapata muda wa kuzungumzia suala la kidole baada ya chakula. Baada ya chakula ratiba ilikuwa na mambo mengine.

Kiti cha mwalimu mkuu kilikuwa kimesogea. Sikukiona kikisogea.

Tulikutana nje, kwenye ngazi za hoteli, akingoja gari lake. "Madam," akasema, "ungesema tu hujui ukakaa. Sasa kila mtu amejua ni shule gani."

"Si wewe ulinifundisha, mwalimu?"

"Nilikufundisha ili tusiaibike." Alisema hivyo kwa uchungu wa kweli, kama mimi ndiye niliyemkosea. Gari likaja, akapanda. Tulikuwa tunaelekea upande mmoja lakini hakunifungulia mlango.

Mwezeshaji aliyechaguliwa jioni ile alikuwa yule wa tai nyekundu. Walisema ana uwezo wa kuichangamsha hadhira. Jina langu halikupelekwa popote kwa miguu ya mtu. Mama aliuliza mara kadhaa, kisha akaacha kuuliza, na kanisani akawaambia ofisi zinachelewesha.

Hayo yangu yangeisha hapo na ningeyameza. Lakini mtu alikuwa ameirekodi skrini kwa simu yake, kipande kile cha mkono unashuka mkono unapanda, na kicheko cha ukumbi ndani yake. Kikazunguka kwenye simu za walimu, kutoka huko kikaingia kwa wazazi, na kutoka kwa wazazi kikafika machinjioni. Sura zilikuwa zimefunikwa, kama nilivyoahidiwa. Sweta za shule hazikufunikwa. Alama ya kuungua haikufunikwa. Kabla ya wiki kwisha watoto walikuwa wameacha kumwita yule msichana jina lake. Walimwita Kushoto. Hata wadogo wa gredi ya tatu walikuwa wakimwona uwanjani wanainua mikono, huu, huu, huu, wanaanguka kwa kucheka.

Mama yake alikuja shuleni na aproni yake ya supu. Hakuketi. Alinukia moshi na vitunguu.

"Madam, mimi sikusoma," akasema. "Wewe niambie ukweli. Mtoto wangu ni mjinga?"

"Hapana, mama. Ana akili kuliko wengi."

"Basi walikuwa wanacheka nini?"

Nilianza kumweleza habari ya kilo tatu na robo. Alinisikiliza kwa heshima hadi mwisho, kisha akasema, "Hiyo si hata mimi najua? Kilo iko na robo nne. Kila siku nauza." Akanitazama. Vyungu vyake vilikuwa vinamngoja, akaondoka.

Mwisho wa muhula, wiki chache kabla ya mkataba wangu kuisha na kutofufuliwa tena, yule msaidizi alirudi na kamera yake. Utafiti una awamu mbili, alinieleza. Wanarekodi mwanzo, wanarekodi mwisho, wanapima nini kimebadilika. Hakunitazama machoni wakati anafungua ile miguu ya chuma. Alisema pole mara moja, kwa sauti yake ya kwaya, nami nikaikubali kwa sababu mtu hukubali pole kama anavyokubali risiti.

Sikuwaambia watoto habari yoyote ya mikono. Nilisimama ubaoni nikauliza swali jepesi, kilo mbili za nyama, kila mtu nusu.

Hakuna aliyeinua. Nikangoja, maana kungoja najua. Darasa zima lilitazama madawati. Nje, korongo walikuwa wanatembea juu ya paa na kucha zao zikisikika kwenye bati. Nikauliza tena. Kamera ilikuwa na taa nyekundu ndogo, na watoto waliikwepa wasiitazame.

Yule msaidizi alikuja polepole ubavuni mwangu akaninong'oneza, "Mwalimu, si uwaambie wainue mkono kidogo? Prof ataandika kwamba hawashiriki."

"Upi?" nikamuuliza.

Alirudi nyuma ya kamera yake. Nami nilikuwa nimeshageuka kumtazama msichana wa dawati la tatu. Midomo yake ilikuwa inatikisika. Nilikuwa nikiijua ile midomo. Ilisema nne, ikasema nne tena, na alinitazama moja kwa moja ili nione kwamba anajua. Mikono yake yote miwili alikuwa ameikalia.